Kuonyesha na Kuonyeshwa: Mkataba wa Paris wa 1928 na Kongo katika Maonyesho ya Ulimwengu

Katika zoezi moja la tafsiri tulilolifanya hapa Kasapa, katika komini ya Annexe, wanafunzi walipewa kifungu kifupi cha Kifaransa kuhusu safari ya Wakongo kwenda Ubelgiji mwaka 1958. Mwanafunzi mmoja, tena aliye hodari, aliandika hivi: "Wakongo walionyeshwa Brussels." Darasa likagawanyika mara moja. Wengine walielewa kwamba Wakongo walitembezwa mjini Brussels, wakaoneshwa majumba, reli na viwanda. Wengine walielewa kwamba Wakongo wenyewe ndio waliowekwa Brussels ili watazamwe. Mwandishi alipoulizwa alikusudia lipi, alinyamaza kidogo, kisha akajibu kwamba hakuwa ameiona tofauti hiyo alipokuwa akiandika.

Utata huo si kosa la mwanafunzi, bali unatokana na sarufi. Kitenzi -onyesha huchukua yambwa mbili: anayepewa nafasi ya kuona, na kile kinachowekwa mbele ya macho. Kitenzi kikiingia katika hali ya kutendwa, kila mojawapo ya yambwa hizo yaweza kukalia kiti cha kiima. Twasema "mgeni alionyeshwa nyumba", na twasema pia "nyumba ilionyeshwa". Maadamu mgeni ni mtu na nyumba ni kitu, msikilizaji hapotei. Lakini pale ambapo mtu anaweza kuwa mtazamaji na pia kuwa mtazamwa, lugha haimsaidii tena msikilizaji. Hana budi kuuliza historia.

Makala haya yanakusudia kuiuliza historia hiyo kwa njia ya mkataba ambao wasomaji wengi wa Kiswahili hawajapata kuusoma, yaani Mkataba wa Paris wa tarehe 22 Novemba 1928 unaosimamia maonyesho ya kimataifa. Nimeuchagua kwa sababu mbili. Kwanza, karibu kila istilahi iliyomo inatulazimisha kufikiri upya juu ya neno letu "maonyesho". Pili, wakati mkataba huo ukifanya kazi kwa ukamilifu, na kwa idhini yake, watu waliotoka Kongo waliwekwa nyuma ya ua wa mianzi katikati ya Ulaya. Ni jambo la haki kuuliza mkataba ulisema nini, na ulinyamaza wapi.

Kwa nini mataifa yalihitaji sheria

Maonyesho makubwa ya ulimwengu huhesabiwa tangu yale ya London ya mwaka 1851. Katika nusu karne iliyofuata yalizidi kuongezeka hata yakawa mzigo. Ubelgiji peke yake inatosha kuwa mfano: Antwerp 1885, Brussels 1888, Antwerp 1894, Brussels 1897, Liège 1905, Brussels 1910, Ghent 1913. Hayo ni maonyesho saba katika muda wa miaka 28, katika nchi ambayo ukubwa wake haufiki hata robo ya Haut-Katanga. Na Wabelgiji hawakuwa peke yao. Wafaransa, Waingereza na Wamarekani nao walikuwa na yao. Kila mwandalizi alipeleka mialiko, na kila serikali iliyoalikwa ilijikuta ikijenga mabanda, ikilipia usafiri wa mitambo, na kuwapa watu wake posho. Kukataa kulionekana kuwa utovu wa adabu, na kukubali kulikuwa gharama. Wenye viwanda nao walilalamika juu ya tuzo na medali zilizotolewa ovyo, hata ikawa medali haimaanishi kitu.

Jaribio la kwanza la kuleta utaratibu lilifanyika Berlin, ambako mkataba ulitiwa saini mwezi Oktoba 1912. Vita Kuu ya 1914 iliuzika mkataba huo kabla haujaanza kutumika. Miaka 16 baadaye wajumbe walikutana Paris, na nchi 31 zikatia saini, Ubelgiji ikiwa mojawapo. Mkataba ulianza kutumika mwaka 1931, na kwa nguvu yake ikaundwa Ofisi ya Kimataifa ya Maonyesho, ambayo makao yake ni Paris hadi leo. Umerekebishwa mara kadhaa, na marekebisho yenye uzito zaidi ni yale ya mwaka 1972 na ya mwaka 1988. Haya ya mwisho yalianza kutumika mwaka 1996. Nchi wanachama leo zinapita 180.

Kongo haikuwamo katika zile nchi 31, wala isingeweza kuwamo. Ilikuwa koloni, na aliyetia saini ni yule aliyeitawala.

Kipi ni maonyesho, na kipi si maonyesho

Kifungu cha kwanza, kama kilivyo baada ya marekebisho, kinaeleza kwamba maonyesho, hata yakiitwa kwa jina gani, ni yale ambayo shabaha yake kuu ni kuelimisha umma: kuweka mbele ya watu njia alizonazo binadamu za kutosheleza mahitaji ya ustaarabu, au maendeleo yaliyofikiwa katika tawi fulani la kazi yake, au matumaini ya siku zijazo. Yanakuwa ya kimataifa nchi zaidi ya moja zinaposhiriki.

Mara baada ya kufungua mlango, mkataba unaufunga kwa makundi matatu. Hauyahusu maonyesho yanayochukua muda usiofika wiki tatu. Hauyahusu maonyesho ya sanaa. Hauyahusu maonyesho ambayo kwa asili yake ni ya biashara.

Hapa msomaji wa Lubumbashi aweza kutazama mji wake mwenyewe. Kila mwaka mji wetu hupokea Wiki ya Madini, ambapo makampuni kutoka nchi nyingi huja kupanga meza zao, kugawa vitabu na kutafuta mikataba. Ni mkusanyiko wa kimataifa bila shaka, lakini ni wa siku chache na ni wa biashara. Ofisi ya Paris haina la kusema juu yake. Tangu mwaka 2008 mji wetu una pia Biennale ya sanaa, inayoletewa kazi na wasanii wa Kongo na wa ng'ambo. Hiyo nayo ni ya kimataifa, lakini ni ya sanaa, na kwa hiyo imeachwa huru. Kinshasa ina FIKIN, na Dar es Salaam ina Sabasaba. Zote mbili ni za biashara. Kwa hiyo katika eneo lote la Kiswahili, mambo yote ambayo watu wetu huyaita "maonyesho" yako nje ya mkataba unaoitwa wa maonyesho.

Kifaransa kinatofautisha "exposition" na "foire", na mtu wa mjini kwetu hutumia hili la pili anapozungumzia mahali pa kuuza na kununua. Kiswahili sanifu hakijaitengeneza tofauti hiyo. Sabasaba kwa jina lake rasmi ni Maonesho ya Biashara ya Kimataifa, ikabidi neno "biashara" libebe mzigo ambao katika Kifaransa hubebwa na jina lenyewe. Sioni kwamba huu ni upungufu. Kinyume chake, nadhani Kiswahili kinasema kweli ambayo mkataba unajitahidi kuificha, maana hakuna maonyesho ya ulimwengu ambayo hayakuwa na biashara ndani yake. Hata hivyo mfasiri wa mkataba lazima aamue, na mimi ningependekeza "maonyesho" kwa yale yanayosimamiwa na mkataba na "soko la maonyesho" kwa yale ya biashara. Suala la kuandika "maonyesho" au "maonesho" naliacha. Wenye nguvu zaidi wamekwisha kulipigania bila kumaliza.

Kanuni zenyewe

Sitazipitia zote. Nyingi ni za wahasibu na maofisa wa forodha, na yeyote aliyewahi kungoja lori Kasumbalesa anajua kwamba mambo ya namna hiyo hayapendezi kuyasimulia, ingawa ndiyo yanayoamua kama mzigo utafika. Inatosha kusema kwamba vitu vinavyoletwa kwa maonyesho huingizwa kwa muda bila ushuru, kwa sharti kwamba vitatoka tena vikiwa vile vile. Kanuni hiyo itatufaa baadaye.

Leo kuna aina mbili kuu. Ya kwanza ni maonyesho yaliyosajiliwa, yaani makubwa ya ulimwengu. Hayapungui wiki sita wala hayazidi miezi sita, na baina ya moja na jingine lazima ipite miaka isiyopungua mitano. Ya pili ni maonyesho yaliyotambuliwa, ambayo ni madogo: kati ya wiki tatu na miezi mitatu, juu ya mada moja iliyo wazi, katika eneo lisilozidi hekta 25. Katika aina hii mwandalizi ndiye anayejenga mabanda na kuyatoa bila kodi kwa nchi zinazoshiriki, na nchi moja haipewi zaidi ya mita za mraba 1,000. Kanuni hii ya pili naiona kuwa ya busara kuliko zote, kwa sababu inawazuia matajiri kuwazidi maskini kwa ukubwa wa paa. Katika yale makubwa mashindano ya majumba yanaendelea.

Anayeomba ni serikali, si mji wala kampuni. Hata pale ambapo waandalizi ni watu wengine, serikali ya nchi yao lazima iwatambue rasmi na kudhamini kwamba ahadi zao zitatimizwa. Wakiwapo waombaji wengi, Mkutano Mkuu wa Ofisi hupiga kura, kila nchi kura moja. Hivyo ndivyo Riyadh ilivyopewa maonyesho ya mwaka 2030: tarehe 28 Novemba 2023 ilipata kura 119, Busan 29, na Roma 17.

Mialiko hupitia njia ya kidiplomasia: serikali huandikia serikali. Mwenyeji humteua Kamishna Mkuu wa maonyesho, na kila serikali iliyokubali mwaliko humteua Kamishna Mkuu wa sehemu yake. Sehemu haiwi ya taifa ila iwe chini ya kamishna huyo. Na tena, hakuna mtu ndani ya maonyesho anayeruhusiwa kuliita banda lake kwa jina la nchi fulani iliyo mwanachama bila idhini ya kamishna wa nchi hiyo.

Tuipe kanuni hiyo ya jina uzito wake. Mwaka 1964 New York iliandaa maonyesho makubwa bila kibali cha Paris. Kibali kilikataliwa kwa kuwa Seattle ilikuwa na maonyesho yake mwaka 1962, na kanuni za wakati huo hazikuruhusu nchi moja kurudia haraka hivyo. Kwa kuwa yalipangwa kuendelea kwa misimu miwili. Na kwa kuwa waandalizi walitaka nchi zilipie viwanja. Ofisi haina mahakama wala polisi. Silaha yake ni kuwataka wanachama wasihudhurie, na serikali nyingi za Ulaya hazikuhudhuria. Matokeo yakawa ya kuchekesha: kulijengwa "Kijiji cha Ubelgiji" cha wafanyabiashara binafsi, na Wamarekani wakamiminika kula keki za wafuli, wala serikali ya Ubelgiji haikuwamo. Jina la nchi lilitumika pasipo mwenye nchi.

Sisi wa Kongo tungeweza kucheka zaidi kama mambo hayo yangekuwa mageni kwetu.

Tervuren, 1897

Mwaka 1897, wakati mji wa Lubumbashi haujaanzishwa bado (ulianzishwa mwaka 1910), Mfalme Leopold II aliandaa sehemu ya Kongo ya maonyesho ya Brussels katika bustani ya Tervuren, nje kidogo ya mji. Nchi yenyewe aliimiliki kama mali yake, chini ya jina la Dola Huru ya Kongo. Walisafirishwa watu 267 kutoka Kongo, wakawekwa katika vijiji vilivyojengwa kando ya maji ili Wabelgiji waje kuwatazama wakipika, wakipiga makasia na wakicheza ngoma. Watazamaji walizidi milioni moja. Wageni walipowatupia vyakula hata wengine wakaugua, kibao kiliwekwa kukataza kuwalisha, kwa kuwa walikuwa wakilishwa na waandalizi.

Majira yale ya joto yalikuwa ya baridi na mvua. Watu saba walikufa. Majina yao yanajulikana, nayo yako juu ya makaburi kando ya kanisa la Tervuren: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba na Mibange.

Mtu aweza kusema kwamba hayo yalitokea kabla ya mkataba, wakati kila mwandalizi alifanya apendavyo, na kwamba ndiyo hasa sababu mataifa yakatunga sheria. Ingekuwa vizuri kama ingekuwa hivyo. Sababu za mataifa nimekwisha kuzitaja: gharama, wingi wa mialiko, medali. Makaburi ya Tervuren hayakuwa miongoni mwake.

Brussels, 1958

Maonyesho ya Brussels ya 1958 yalifunguliwa tarehe 17 Aprili na kufungwa tarehe 19 Oktoba, yaani miezi sita na siku mbili. Yalikuwa na kibali kamili cha Ofisi ya Paris, katika daraja la kwanza la maonyesho ya jumla, kama ilivyoitwa wakati huo. Watu zaidi ya milioni 41 waliingia. Kauli mbiu yake ilihusu kuufanya ulimwengu uwe na utu zaidi. Juu ya uwanja wa Heysel ulisimama Atomium, mnara wa mita 102 wenye umbo la chembe za chuma zilizokuzwa, na karibu yake ilikuwapo sehemu ya Kongo na Ruanda-Urundi, yenye mabanda saba na bustani ya kitropiki. Migodi ilikuwa na nafasi yake. Katanga haikuweza kukosekana mahali ambapo Ubelgiji ilitaka kueleza utajiri wake umetoka wapi.

Wakongo waliokuja kwa ajili ya maonyesho walihesabiwa kuwa 598: wanaume 273, wanawake 128 na watoto 197. Hawakuwa wa aina moja, na hapa ndipo sentensi ya mwanafunzi wetu inapopata uzito. Walikuwapo walioletwa kuhudumia mabanda na kuwaeleza wageni. Walikuwapo askari wa Force Publique. Walikuwapo waandishi wa habari. Mmojawapo wa waliokuwa Brussels mwaka huo kwa ajili ya maonyesho alikuwa kijana Joseph-Désiré Mobutu. Walikuwapo waimbaji. Kutoka Kamina, katika Katanga ya wakati ule, ilikuja kwaya ya wavulana na walimu iliyoitwa Troubadours du Roi Baudouin, chini ya Padre Guido Haazen. Misa yao, Missa Luba, ilikuwa imeimbwa kwa mara ya kwanza Kamina tarehe 23 Machi 1958, majuma machache tu kabla ya maonyesho kufunguliwa, na Ulaya ikawashangilia. Wote hao waweza kusema kwamba walionyesha: walipewa nafasi ya kusimama, kusema au kuimba, na mtazamaji alikuja kupokea kitu kutoka kwao.

Lakini kulikuwa pia na kijiji. Kilikuwa na nyumba za nyasi, na ndani yake mafundi waliofanya kazi zao za mikono mchana kutwa, nyuma ya ua wa mianzi. Jioni walirudishwa kulala katika makazi yao nje ya uwanja. Watazamaji walisimama nje ya ua. Baadhi yao waliwatupia ndizi na karanga, wakawaita kwa sauti kama mtu anavyoita wanyama. Miaka 61 ilikuwa imepita tangu Tervuren, na ua ulikuwa ule ule.

Mafundi hawakuvumilia. Mwezi Julai, maonyesho yakiwa bado na miezi mitatu mbele, waliondoka wakarudi Kongo, na kijiji kikabaki kitupu. Sijapata kusoma jambo la maana zaidi katika historia yote ya maonyesho haya kuliko kuondoka huko. Kitu cha maonyesho, kwa kanuni za forodha nilizozitaja, huingizwa kwa muda, hukaa mpaka mwisho, kisha hurudishwa kikiwa vile vile. Watu hawa walitoka kabla ya wakati, kwa hiari yao, na hawakurudi vile vile.

Mkataba ulisema nini juu ya hayo? Hakuna kitu. Ulikuwa umesimamia muda, nafasi, mwaliko, ushuru, tuzo na jina la nchi. Juu ya binadamu kuwekwa mbele ya binadamu wengine kama kitu cha kutazamwa haukuwa na kifungu. Na hata kama mmoja wa mafundi angetaka kulalamika kwa utaratibu, asingepata mahali pa kulalamikia. Sehemu ya taifa iko chini ya kamishna aliyeteuliwa na serikali ya taifa. Serikali ya Kongo ilikuwa ile ile ya mwenyeji. Jina "Kongo" lililindwa na mkataba, lakini mlinzi wake alikuwa Brussels, na ndiye aliyejenga ua.

Nimesikia wenzangu wakidai kwamba maonyesho ya 1958 ndiyo yaliyoleta uhuru. Nadhani huko ni kuipa Brussels sifa isiyostahili. Ni kweli kwamba watu kutoka majimbo mbalimbali ya Kongo, ambao utawala ulikuwa umewaweka mbalimbali, walikutana huko na kuzungumza. Na ni kweli kwamba walimwona Mbelgiji akifagia barabara na kubeba mizigo, jambo ambalo hawakulizoea Élisabethville. Lakini mwezi Agosti mwaka huo huo de Gaulle alihutubia Brazzaville, Desemba Lumumba alikuwa Accra, na tarehe 4 Januari 1959 Léopoldville iliwaka. Mambo mengi yalikuwa yakienda pamoja. Tukisema kwamba Wakongo walitoka Brussels wakijua nani anayewatazama na kwa jicho gani, tumesema inavyotosha.

Baada ya uhuru

Tarehe 30 Juni 1960 Kongo ikawa nchi, na siku 11 baadaye, tarehe 11 Julai, Tshombe akatangaza uhuru wa Katanga, uliodumu mpaka Januari 1963. Kwa mwanafunzi wa mkataba hicho ni kipindi cha kuvutia. Katanga ilikuwa na bendera, fedha na stempu zake, lakini hakuna nchi iliyoitambua. Maonyesho ya Seattle yalifanyika mwaka 1962, katikati ya kipindi hicho. Kwa kanuni ya mwaliko wa kidiplomasia, barua haiwezi kuandikwa kwa asiyetambuliwa. Katanga, ambayo shaba yake ilikuwa imejaza mabanda ya wengine tangu zamani, isingeweza kuwa na banda lake yenyewe.

Hali ya leo ni nyingine. Shanghai mwaka 2010 ilikusanya nchi 42 za Afrika pamoja na Umoja wa Afrika chini ya paa moja. Dubai ilikusudia maonyesho yake yawe ya 2020, lakini kwa sababu ya janga la korona wanachama walikubali kwa kura yafanyike kuanzia Oktoba 2021 hadi Machi 2022. Huko kila nchi ilipewa banda lake, na Kongo ilikuwamo. Lile paa moja la Shanghai, ingawa lilipunguza gharama, lina kasoro ambayo mtu wa sarufi huiona haraka: linaligeuza bara zima kuwa nomino ya umoja.

Maonyesho makubwa ya ulimwengu hayajapata kufanyika barani Afrika. Tangier ya Morocco iliomba maonyesho madogo ya mwaka 2012, ikashindwa na Yeosu ya Korea. Kanuni hazimkatazi mtu; hekta 25 ni eneo ambalo hata Annexe yetu ingeweza kulitoa bila shida, kama mtu anavyoweza kujionea akitembea kutoka kampasi kuelekea kaskazini. Kilicho kigumu ni ile dhamana ya serikali na ile gharama ya kuwajengea wengine mabanda bila kodi.

Narudi kwa mwanafunzi wetu na sentensi yake. Kwa upande wa kwaya ya Kamina, nilimshauri aandike "walikwenda Brussels kuonyesha uimbaji wao". Kwa upande wa wageni waliotembezwa mjini, "walionyeshwa mji wa Brussels", ili nomino "mji" ikalie nafasi ya yambwa na kuondoa shaka. Kwa upande wa mafundi wa kijiji nilimwambia kwamba sentensi yake ilikuwa sahihi kama ilivyokuwa, isipokuwa inahitaji kiambishi cha mahali kitakachowaweka ndani ya ua: "Wakongo walionyeshwa huko Brussels, kijijini." Aliandika hivyo, kisha kwa kalamu nyingine akaongeza: "mpaka Julai".